Makopo ya Tope ya Lukresia Tarmo

Alhamisi tarehe 31 Julai 2025, saa kumi kamili jioni, Bibi Lukresia Tarmo, Fundi Mkuu wa Vioo katika Maabara ya Miamba ya Nyanda za Juu, Karatu, atazima mashine yake ya kusaga mawe na kustaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1991. Katika muda huo ametengeneza vioo vya mawe elfu kumi na tisa na ushee, amewatoa wakuu wawili wa maabara katika chumba chake kwa kosa la kuingia na viatu vya vumbi, na tangu mwaka wake wa kwanza hajawahi kumwaga tope kabla ya wakati wake.

Hilo la tope linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo lililochelewesha sherehe hii. Sheria ilimruhusu Lukresia kuondoka tangu alipotimiza miaka hamsini na mitano, yaani miaka mitatu iliyopita. Mumewe, Bwana Valeriani, alishapaka rangi nyumba yao ya Endabash na kununua viti viwili vya kukalia barazani. Kila tulipomuuliza ataondoka lini, jibu lake lilikuwa lile lile: makopo bado hayajapata mwenyewe. Tulidhani anatania. Mwezi wa tatu mwaka huu tulitambua kwamba hakuwa anatania hata kidogo, na wasifu huu utaeleza ni nini hatimaye kilimfanya akubali kwenda kukalia kiti chake.

Lukresia, ambaye sisi sote humwita Mama Penina, alizaliwa Endabash mwaka 1967, mtoto wa nne katika familia ya wakulima. Alipomaliza kidato cha nne alikaa nyumbani kwa miaka kadhaa akilima na kufuga, mpaka alipopata kibarua cha kuandika namba kwenye masanduku ya mawe hapa maabara. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno kwa kazi hiyo. Marehemu Mzee Isaya, fundi wetu wa vioo wa wakati huo, aliuona, akaomba apewe binti huyo akae naye mashineni. Alisema mtu anayeandika saba isiyofanana na moja anaweza kufundishwa chochote.

Kwa wageni watakaoshika programu hii, kioo tunachokisema si cha dirishani. Jiwe hukatwa kwa msumeno wa almasi, likabandikwa kwa gundi juu ya kipande kidogo cha kioo, kisha likasagwa kwa unga mkali na maji mpaka libaki jembamba kuliko unywele. Likifika hapo mwanga hupita, na ukiliweka chini ya hadubini unaona kila chembe ya madini iliyomo na rangi zake. Likiwa nene huoni kitu. Likisagwa mno, halipo tena.

Hilo la kutokuwepo tena Mama Penina alilijua mapema. Mwaka wake wa kwanza alipewa jiwe dogo kama punje ya haragwe, sampuli pekee ya mtafiti mmoja aliyeitafuta kwa wiki mbili porini. Alikuwa amefundishwa asage mpaka chembe za kwatzi, madini angavu yaliyomo katika mawe mengi, zipoteze ule unjano wa siagi zinaouonyesha chini ya hadubini na kubaki kijivu cheupe. Akasaga. Unjano ukaondoka. Akasaga kidogo zaidi kwa usalama, kijivu nacho kikaondoka, na alipoinua kioo akakuta kinang'aa kama kilivyotoka dukani. Jiwe zima lilikuwa limekwenda na maji.

Mzee Isaya hakufoka. Alimpa kijiko na kopo tupu la maziwa ya unga, akamwonyesha mtaro. "Jiwe la mtu halijapotea, limo kwenye tope," alimwambia. "Mwenyewe akija utampa jiwe lake." Siku mbili nzima alikwangua mtaro. Mtafiti alipofika, akapokea kopo badala ya kioo, alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Lakini alilichukua kopo lile, akalipima, na nusu ya alichokuwa anatafuta akaipata humo humo.

Tangu siku hiyo kila jiwe lililopita mikononi mwa Mama Penina lilikuwa na kopo lake. Tope la kusagia humwagwa humo, likaachwa likauke, na juu ya kopo hubandikwa karatasi yenye namba ya jiwe, tarehe, aina ya gundi na hali ya hewa ya siku hiyo. Kopo hukaa rafuni mpaka majibu ya jiwe yawe yamesomwa yakaeleweka. Hapo ndipo tope hutupwa. Kwa kuwa maabara nzima ilikunywa chai ya maziwa ili kumtafutia makopo, chumba cha vioo kikageuka kama duka. Mkaguzi mmoja wa afya aliyepita mwaka 2003 aliandika kwenye ripoti yake kwamba tuna kituo kizuri cha lishe ya watoto.

Visa vyake vya kuchekesha ni vingi, na mwandishi wa wasifu huu ameombwa avipunguze. Hata hivyo kile cha watalii hakiwezi kuachwa. Siku moja dereva wa watalii aliyekuwa mgeni mjini aliona bango letu, akadhani tunauza vito, akaingiza gari lenye wageni sita waliokuwa wakienda kreta kuangalia wanyama. Mama Penina hakuwa na kito cha kuuza. Badala yake aliwaketisha mmoja baada ya mwingine kwenye hadubini, akawaonyesha kipande cha mwamba kwa Kiswahili chake na kwa mikono, kwa muda wa saa nzima na dakika zake. Dereva alikuwa nje anazunguka gari lake kama kuku anayetaka kutaga. Walifika getini wamechelewa, na miezi miwili baadaye mama mmoja katika kundi lile alituma kadi kusema kwamba aliwaona simba, lakini anachokiota ni lile jiwe la kijani.

Na kuna lile lori la Mang'ola. Gari letu lilikuwa limeharibika, masanduku ya mawe yakapakiwa juu ya magunia ya vitunguu, na kwa mwezi mzima mawe yakanukia kachumbari. Mtaalamu mgeni aliyezoea kuyanusa mawe ili ajue kama yana salfa alinusa sanduku la kwanza, akafuta machozi, akaandika kwenye daftari lake neno moja tu: vitunguu.

Sasa tuje kwenye zinki. Karatu hatuna mgodi wa zinki, na mawe yaliyotupatia jina huja kutoka mbali, upande wa magharibi. Ni miamba ya kale sana. Zamani ilikuwa lava iliyomwagika chini ya bahari, na maji ya moto yaliyopanda katika nyufa zake yaliacha humo zinki, chuma na shaba vikiwa vimeshikana na salfa. Baadaye miamba hiyo ilifukiwa kina kirefu, ikapashwa joto, ikakandwa na kukunjwa mpaka sura yake ya mwanzo ikapotea.

Katika mawe ya namna hiyo zinki huishi katika nyumba mbili. Ya kwanza ni sfaleraiti, ambamo zinki imeshikana na salfa. Ni laini, rangi yake kahawia, na kadiri inavyobeba chuma ndivyo inavyozidi kuwa nyeusi. Zinki ya humo hutolewa kiwandani bila matata. Nyumba ya pili ni ganaiti. Mwamba ulipopata joto kali, sehemu ya salfa ilitoroka, na zinki iliyoachwa ikahamia kwa alumini ikatengeneza jiwe la kijani, gumu kupindukia, ambalo kiwanda cha kawaida hakiliwezi. Kwa hiyo kumwambia mwenye mawe kwamba ana zinki nyingi hakumsaidii. Anachotaka kujua ni zinki hiyo iko nyumba ipi. Mama Penina aliwapa majina yao: ganaiti akamwita Mkaidi, na sfaleraiti akamwita Mdeko, kwa sababu Mdeko ukimgusa vibaya kidogo tu anaanguka.

Julai 2014 kampuni moja ya utafiti ilituletea mawe arobaini. Vipimo vya kemia vilikwisha kuonyesha kwamba zinki imo ya kutosha. Wao waliuliza swali moja: Mkaidi au Mdeko? Jibu likiwa Mkaidi, wangefunga kambi yao na watu wote walioajiriwa kule wangerudi makwao.

Mnaijua Julai ya Karatu. Ukungu ulikaa mpaka saa tano asubuhi, na Mama Penina alifanya kazi amevaa sweta mbili na kilemba. Gundi yetu ni ya kuchanganya mbili pamoja, nayo inataka joto ili ikauke. Kampuni ilikuwa inapiga simu kila siku. Alibonyeza gundi pembeni kwa ukucha kama kawaida yake, akaona imekauka, akasaga. Pembeni ilikuwa imekauka kweli. Katikati ilikuwa bado laini, kama mkate uliotolewa mapema. Vioo arobaini vikatoka, vikasafishwa, vikapelekwa kwenye hadubini kusomwa na mwandishi wa wasifu huu, ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Vilionyesha Mkaidi wa kijani, amesimama imara, na mashimo mashimo kumzunguka. Ripoti ikaandikwa kwamba zinki karibu yote imo katika ganaiti. Mwezi Septemba kampuni ikaanza kukunja mahema.

Wakati huo barua ya kumpandisha Mama Penina kuwa Fundi Mkuu ilikuwa juu ya meza ya Mkuu wa Maabara, Bibi Hyasinta, ikisubiri sahihi ya Jumatatu. Alikuwa ameingoja kwa miaka kumi na mmoja. Alishanunua kitenge cha kuvaa siku hiyo.

Ijumaa mchana, kabla ya Jumatatu hiyo, alikwenda kumwaga makopo ya Julai, kwa kuwa majibu yalikuwa yamesomwa. Alipogeuza kopo la kwanza aliona tope lililokauka limeng'aa kahawia. Tope la kawaida ni la kijivu na halina uhai. Akageuza la pili, la tatu, la kumi, yote yanang'aa. Akachukua sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, akaondoa vile vinavyonaswa na sumaku, kisha akadondoshea asidi kidogo kwenye unga uliobaki. Chumba kikanuka yai viza.

Ganaiti hainuki. Ukiidondoshea asidi inakutazama tu. Inayotoa harufu ile ni salfa, na salfa ile ilikuwa ya Mdeko. Mama Penina aliketi juu ya ndoo, akasoma karatasi ya kopo kwa mwandiko wake mwenyewe: baridi, ukungu. Akaelewa. Yale mashimo hayakuwa mashimo ya jiwe. Gundi laini ilikuwa imemwachia Mdeko, na maji ya kusagia yakamchukua. Nusu ya jibu la kampuni ilikuwa imekaa rafuni kwa miezi miwili ndani ya makopo ya maziwa.

Hakuna mtu duniani aliyejua ila yeye. Shimo la kutupia taka liko hatua kumi na mbili kutoka mlango wa chumba chake, tumezipima. Angeweza kumwaga makopo arobaini, akaosha mikono, akavaa kitenge chake Jumatatu. Alisema baadaye kwamba wazo hilo lilimjia, na kwamba lilikaa naye kama dakika tano, na kwamba ni dakika asizozipenda.

Alibeba kopo moja mpaka ofisini kwa Bibi Hyasinta. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa humo ofisini kwa shughuli nyingine. Mama Penina aliweka kopo juu ya ile barua, akasema, "Mama, ripoti yetu ni ya uongo. Nimeiharibu mimi kwa mikono yangu. Zinki yao hii hapa." Bibi Hyasinta akasoma karatasi, akanusa, akapiga chafya mara tatu. Kisha akauliza nani mwingine anajua. Mama Penina akajibu kwamba sasa ni watu watatu, na afadhali wawe wengi zaidi kabla mahema hayajapakiwa kwenye lori.

Kampuni ilipigiwa simu jioni ile ile. Hawakufurahi, na maneno waliyosema hayafai katika programu yenye sala ya ufunguzi. Lakini walikubali kungoja wiki tatu. Tatizo likawa baridi, kwani tulikuwa bado hatuna namna ya kupasha gundi joto. Bwana Valeriani ndiye aliyetuokoa. Alikuja kutoka Endabash na kasha la mbao lenye taa ndani, ambalo lilikuwa la kulelea vifaranga, akiwa amewahamishia vifaranga hao jikoni. Vioo arobaini vipya vilikaukia katika kasha lile, vikiwa na manyoya mawili matatu. Mama Penina alisaga kila kimoja polepole, akisikiliza mlio wa jiwe. Pale palipokuwa na mashimo pakaonekana Mdeko, wa kahawia iliyokolea, amekaa kimya karibu na Mkaidi mahali ambapo alikuwapo siku zote.

Vioo vilipelekwa ng'ambo kupimwa kwa mashine inayosoma kemia ya chembe moja moja. Majibu yakarudi kwamba robo tatu ya zinki imo katika sfaleraiti yenye chuma kiasi, ambayo kiwanda kinaiweza. Hata ganaiti haikwenda bure. Ilionekana kwamba kadiri unavyokaribia kiini cha madini ndivyo ganaiti inavyobeba zinki nyingi zaidi, kwa hiyo wachorongaji waliitumia kama kibao cha njia kuwaonyesha pa kutoboa tena. Mahema yakakunjuliwa. Kambi ile iliendelea kwa miaka mingine sita, na kila Krismasi watu wa kule walimtumia Mama Penina kadi yenye picha ya kifaranga.

Barua yake lakini ilirudi kwenye droo. Katika kumbukumbu za maabara tukio lile liliandikwa kwa mstari mmoja: kosa, fundi wa vioo. Alisubiri miaka mitatu mingine mpaka 2017, na kitenge kile akakivaa harusini kwa mtu mwingine. Hatukuwahi kumsikia akilalamika. Alilichukua tu lile kopo alilolibeba ofisini, akaongeza chini ya karatasi yake maneno mawili, "Kosa langu", akaliweka katikati ya rafu, usawa wa macho. Kila mwanafunzi wa ufundi aliyeingia chumbani mle aliambiwa alisome kabla ya kuonyeshwa swichi ya mashine iko wapi.

Tangu hapo amepata mafanikio mengi. Amefundisha mafundi sita, na wanne kati yao wako maabara nyingine nchini. Kasha la vifaranga limezaa kabati la joto la kisasa, ingawa bado tunaliita kasha la vifaranga, na mafundi wengine wamekuja kuliiga. Hakuna kioo chake hata kimoja kilichorudishwa tangu Oktoba 2014.

Fundi wa sita ni Naserian, binti wa wafugaji wa Olbalbal, aliyefika mwaka 2021. Huyu ana jicho la ajabu. Amekua akitambua ng'ombe mmoja katikati ya kundi kwa tofauti ndogo ya rangi, na mawe anayasoma hivyo hivyo; rangi ambazo Kiswahili hakina majina yake anaziandika kwa Kimaasai, na Mama Penina anaongeza Kiiraqw cha kwao pembeni, kwa hiyo daftari letu la vioo sasa linahitaji watu wawili kulisoma. Naserian humwita Mama Penina yeyo, yaani mama. Kwa ufundi alikuwa ameshaiva mwaka juzi. Sote tulisema, huyu hapa mrithi, kiti cha Endabash kimepata mtu. Mama Penina alikuwa anatikisa kichwa tu na kusema mikono iko tayari, tungoje kidogo.

Kisha ikaja Jumanne moja ya Machi mwaka huu. Naserian alikuwa na vioo vya mawe ya zinki, akitaka kuvimaliza mapema ili awahi gari la kwenda kwao, ambako maji yalikuwa yamepungua na familia ilikuwa inahama na ng'ombe. Kioo kimoja alikisaga kupita kiasi, Mdeko akaondoka. Jiwe lenyewe lilikuwa na kipande kingine cha akiba. Angeweza kutengeneza kioo kipya na hakuna ambaye angegundua, maana hata namba ingekuwa ile ile. Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, Mama Penina alikuta kopo juu ya meza yake. Kwenye karatasi paliandikwa namba, tarehe, gundi, hali ya hewa, na chini: "Kosa langu. Nilikuwa na haraka. Naserian." Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mlango na begi lake, safari ameiacha, anangoja kusemwa.

Mama Penina alisoma, akaanza kucheka. Alicheka kwa sauti mpaka watu wa ofisini wakaja kuchungulia, akamkumbatia yule binti, akampa ruhusa ya siku nne aende Olbalbal. Halafu akachukua kopo lile, akaliweka usawa wa macho, pembeni ya lake. Mchana huo huo akaandika barua ya kustaafu. Makopo yalikuwa yamepata mwenyewe.

Hapa ndipo wasifu ungepaswa kuishia, kwa shukrani na makofi. Lakini mwandishi wa wasifu huu amekaa na hadithi hii tangu Machi, na anaomba aache kujiita mwandishi wa wasifu huu. Ni mimi, Wilibrodi, niliyesoma vile vioo arobaini mwaka 2014.

Mama Penina, mashimo niliyaona. Niliyaona kwenye kioo cha kwanza. Nilifanya na hesabu pia, na ganaiti niliyoihesabu isingeweza kubeba hata nusu ya zinki iliyopimwa na watu wa kemia. Nilijua kuna kitu hakiko sawa, na nilitakiwa kupanda ngazi saba tu nikuulize. Sikupanda, kwa sababu ripoti ilikuwa imechelewa na kwa sababu nilipenda kuonekana mtu anayejua. Ile karatasi ya hesabu niliikunja nikaiweka kwenye kitabu. Ijumaa ile ulipoingia na kopo lako nilikuwa nimesimama mita moja kutoka kwako, na nilinyamaza. Mstari wa kumbukumbu ulipoandikwa, kosa, fundi wa vioo, niliuona, nikatia sahihi kama shahidi. Umeubeba peke yako kwa miaka kumi na mmoja, na barua yako ilikaa kwenye droo miaka mitatu, ambayo kwa haki mwaka mmoja na nusu ulikuwa wangu. Imebidi binti wa miaka ishirini na saba aniaibishe. Ninaona haya, na ninaomba unisamehe mbele ya watu wote watakaosoma ukurasa huu.

Mkuu wa Maabara ameshakubali mstari ule urekebishwe. Na leo kabla ya chai nimepeleka kopo rafuni. Ndani hamna tope, mna karatasi ya hesabu ya 2014, bado ina mikunjo yake. Naserian ameisoma, akaniandikia namba, akaniuliza hali ya hewa ya siku ile. Nikamwambia ilikuwa baridi na ukungu, lakini si baridi iliyoniharibia. Amelisogeza lako kidogo kushoto, langu akaliweka kulia kwake.

Kwa niaba ya maabara nzima, asante kwa kila kioo, kwa kila kikombe cha chai ya maziwa ulichotulazimisha kunywa, na kwa kutufundisha kusoma tope. Bwana Valeriani, tunakurudishia mkeo akiwa mzima, pamoja na kasha lako la vifaranga, ambalo tumelisafisha. Nenda Endabash ukakae kwenye kiti chako, Mama Penina, jua likupige usoni, siku zako ziwe njema na ndefu, na gundi yako ikauke hata Julai. Rafuni pako shwari. Makopo sasa ni matatu usawa wa macho, na Naserian ameacha nafasi.